Faili Fupi la Kanda Kuu

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, Jumanne ya tarehe 9 Agosti mwaka 2118, sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa haijayeyuka upande wa kivuli wa jengo la Majina, juu kabisa kwenye uwanda wa Kitulo. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi tatu. Anga ilikuwa nyeupe na kavu, na upepo wa kusini ulipenya chini ya mlango ukilia. Ndani ya chumba cha udhibiti Mhandisi Ambakisye Kyando, Mtunza wa Kanda Kuu kwa mwaka wa kumi na tisa, alisimama wima mbele ya ukuta wa vioo, mikono nyuma, akasoma maneno yaleyale kwa mara ya nne.

*Limekataliwa. Toleo lililopo ni jipya zaidi.*

Mistari ilikuwa saba, mmoja kwa kila kituo.

"Vyote, Mzee," alisema msaidizi wake, Tulinagwe Sanga. "Hata cha Pemba, ambacho huwa hakikatai kitu."

"Naona, Sanga. Sijapofuka."

"Sikusema umepofuka. Nimesema vyote."

Katika Shirikisho, kitu kisichokuwa na jina hakikuwepo. Mlango uliuliza jina la anayebisha, bomba liliuliza jina la nyumba kabla ya kutoa maji, gari liliuliza jina la barabara, na jibu lilitoka Kanda Kuu kabla mtu hajapepesa jicho. Majina yote, milioni mia nne na kumi na mbili, yalikaa katika faili moja lililotungwa hapa Kitulo, mahali ambapo baridi ilipoza mitambo bure, kisha likanakiliwa kwenye vituo saba visivyo na mtu. Vituo vilijengwa hivyo makusudi, baada ya mwaka ule ambapo waziri mmoja alifuta majina ya wilaya nzima kwa amri ya simu. Tangu hapo havikumtii mtu. Vilitii namba. Faili lililokuja na namba iliyo mbele lilipokewa. Lililokuja na namba iliyo nyuma lilirudishwa mlangoni, hata kama limeletwa na rais.

Kila Jumanne faili zima lilitumwa upya likiwa na sahihi mpya, maana sahihi zilidumu juma moja tu, na jina lenye sahihi iliyokwisha muda lilihesabiwa kuwa la kughushi. Sahihi za juma lililopita zingekufa leo, saa kumi na mbili kamili jioni. Faili jipya lilikuwa tayari, limesainiwa, namba yake ikiwa 2118080902: mwaka, mwezi, siku, na toleo la pili la siku hiyo. Halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika toleo la kwanza, lile lililotumwa alfajiri.

Tulinagwe aliifungua nyongeza ya alfajiri, ile ndogo ya waliozaliwa na waliokufa tangu jana, akaikuza namba yake mpaka ikajaza kioo.

2181080901.

Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na kwa kosa hilo vituo saba viliamini kwamba vimeshika faili la mwaka 2181. Kila faili la leo, la kesho na la miaka sitini na mitatu ijayo lilikuwa kuukuu machoni pao.

Katika daftari ilikuwa vivyo hivyo, na mwandiko ulikuwa wa Kyando.

Ulikuwapo utaratibu wa kuzuia jambo hilohilo. Kila alfajiri Mtunza aliandika namba kwa mkono wake kwenye daftari, akaisoma kwa sauti, na msaidizi akaiitikia tarakimu kwa tarakimu kabla haijaingizwa kwenye mtambo. Kyando aliuleta utaratibu huo kutoka shule ya bweni alikolelewa, ambako kiranja alisoma majina uwanjani na wadogo waliitikia wamekaza magoti. Aliamini kwamba mtu aliyezoea kuitikia hawezi kulala kazini.

"Uliiona?" aliuliza.

"Niliiona."

"Ukaitikia."

"Nikaitikia, Mzee. Mwezi wa tatu nilisita kwenye namba, ukaniambia mbele ya watu kwamba anayeitikia haongezi wala hapunguzi. Nikajifunza."

Kyando alifungua ukurasa mpya wa daftari. "Hilo litaandikwa kwenye taarifa," alisema, "kama ulivyolisema."

"Sikulisema ili liandikwe."

"Litaandikwa."

Tulinagwe alivuta kiti lakini hakukaa. "Basi tupande juu ya kosa. Faili zima tulipatie namba 2181080902, tupumue, halafu tutafute njia."

"Mtambo wa sahihi hausaini faili zima lenye tarehe ya kesho, sembuse ya miaka sitini."

"Mbona alfajiri ulipitisha?"

"Nyongeza ndogo hauziangalii. Niliagiza mwenyewe zisiangaliwe. Tulikuwa tunapoteza dakika arobaini kila siku."

Aliyasema hayo bila kumtazama, akaenda kwenye ubao mweusi aliokataa uondolewe chumbani, akashika chaki. Alichora duara.

"Namba hizi zinazunguka kama mshale wa saa. Zikizidi bilioni nne na ushei zinarudi sifuri. Kituo hakijui kubwa na ndogo; kinajua tu kama namba mpya iko mbele yake kwa chini ya nusu ya duara. Sasa, tukiruka nusu duara kasoro moja kutoka hapa tulipokwama, tunatua hapa." Aliandika 33597252. "Kwa vituo, hii iko mbele. Kwa mtambo wa sahihi ni tarehe ya kale, haina ubishi. Vikishaikubali, 2118080902 iko mbele yake tena, na tumetoka."

"Safari mbili," Tulinagwe alisema taratibu. "Faili zima huchukua saa tano kufika vituo vyote. Mara mbili ni saa kumi. Tunazo saba na robo tatu."

"Ndiyo maana safari ya kwanza halitakwenda faili zima. Litakwenda faili fupi."

Faili fupi lilikuwa kabatini, limetungwa kwa ajili ya vita au tetemeko. Lilikuwa na majina laki sita tu: wodi za hospitali, pampu za maji, zimamoto. Lilifika vituoni kwa dakika kumi na moja. Lakini tangu lipokewe hadi faili zima lilifuate, kila jina lisilokuwa ndani yake lisingekuwa na mwenyewe duniani. Milango, magari, simu, maduka, mahakama, ndege. Saa tano za Shirikisho bila jina.

Walihesabu kurudi nyuma. Faili fupi lilipaswa kuondoka saa sita na dakika arobaini mchana, lisicheleweshwe, na lisiwahishwe pia, kwa kuwa ndege zilihitaji muda wa kutua na treni muda wa kusimama. Likichelewa, faili zima lingefika baada ya sahihi zote kufa, za faili fupi zikiwemo, na hapo hata wodi zingezimika.

Tulinagwe alikuwa tayari ameinua simu, kisha akaishusha.

"Mzee. Wanaopumulia nyumbani?"

Kyando aligeuka. Alikuwa amekwisha kuliwaza hilo. Alitumaini tu kwamba halitasemwa mapema hivyo.

Mashine za kupumulia zilizogawiwa majumbani zilikuwa elfu mbili mia moja na arobaini. Kwa sababu ziliibwa mno miaka ya mwanzo, zilitengenezwa zijifunge pale jina la mgonjwa lisipojibiwa. Nazo hazikuwa kwenye faili fupi. Ziliandikwa kwa jina la mtu, kama mlango wake na bomba lake, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba jina hili likizimika mtu anakata roho. Zamani alama hiyo ilikuwepo. Kyando aliiondoa, faili likapungua uzito kwa sehemu ya kumi, akavishwa nishani. Kuzichambua sasa kulitaka faili zima lisomwe mstari kwa mstari: saa nne.

"Waulize Wizara," alisema.

"Nimewaandikia tulipokuwa tunahesabu, wamejibu. Orodha ziko mikoani. Watazikusanya, watatuletea kesho asubuhi."

"Kila nyumba ina mfuko wa kubana kwa mkono."

"Ikiwa na mtu wa kuubana," alisema Tulinagwe.

* * *

Kamishna wa Majina, Lugano Mwaipaja, alitua saa tano na nusu, akiwa amevaa koti refu na viatu vya mjini visivyofaa sakitu. Sheria ilitaka faili fupi lifunguliwe kwa funguo mbili, wa Mtunza na wa Kamishna, zizungushwe pamoja. Alisikiliza maelezo yote akiwa amesimama, akauliza maswali mawili ya maana, kisha akatoa amri ndege zote zitue na treni zote zisimame. Ndege yake ilikuwa ya kwanza kuzimwa.

"Umezeeka, Kyando," alisema baada ya hapo. Walikuwa wakiitana kwa majina ya ukoo tangu kidato cha kwanza.

"Nimekosea. Ni tofauti."

"Kwako, ndiyo. Wewe ulikuwa mzee tangu una miaka kumi na minne. Ulikuwa unakunja shuka la mwenzako kama ameondoka bila kulikunja." Alimgeukia Tulinagwe. "Amekwambia hilo? Alikunja langu mwaka mzima, na kila siku akanikemea."

"Mimi ananikemea bila kukunja, Mheshimiwa."

Mwaipaja akacheka kidogo, akaenda dirishani kupiga simu nyumbani. Aliporudi hakuwa mtu yuleyule.

"Mama yuko peke yake," alisema.

Kyando aliweka chaki chini. Mama Anyambilile, mjane, aliishi kwake Rungwe, na mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa kukaushia majani ya chai muda mrefu kabla Lugano hajawa na cheo cha kumnunulia hata dawa ya kikohozi. Alikuwa na mashine mwaka wa sita sasa.

"Tusekile yuko wapi? Yule anayemtunza?"

"Amekwenda kuzika Masoko. Kijiji kizima kimekwenda kuzika. Nimepiga namba kumi na moja; msibani simu huzimwa. Nimewapigia polisi, nikawaambia mimi ni Kamishna. Wakasema, shikamoo Kamishna, utakuwa wa thelathini na mbili tangu treni zisimame, na sisi ni wanne."

"Kwa barabara?"

"Kutoka hapa ni saa mbili na nusu. Na ndege nimezishusha mwenyewe."

Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tano. Mwaipaja alisogea mpaka karibu na meza, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeazima kalamu darasani.

"Mwandike kwenye faili fupi. Mstari mmoja."

Kyando alitazama kabati.

"Mstari mmoja, Kyando. Nimesoma kanuni zako. Faili fupi likiongezwa jina linasainiwa upya kwa dakika kumi na nne. Muda upo."

"Muda upo," Kyando alikubali. "Na elfu mbili mia moja thelathini na tisa wengine?"

"Hao hatuwajui. Huyu tunamjua. Umekula kwake likizo nne mfululizo, wakati huna baba wala mama wala mahali pa kwenda shule ikifungwa. Ulilala kitanda changu, mimi nikalala chini."

"Sijasahau."

"Basi usisahau na maabara."

Tulinagwe alijifanya kusoma kioo. Mwaipaja alimwona, akaamua kusema mbele yake.

"Kidato cha tatu, dada, maabara ya kemia iliungua. Mtu mmoja aliacha gesi wazi. Mwalimu mkuu alitupanga mstari akasema anataka jina moja tu, la sivyo bweni zima linarudi nyumbani. Aliyeacha gesi alikuwa analipiwa ada na misheni. Akifukuzwa, ndiyo basi. Mimi nilikuwa na mama. Nikatoa jina langu. Nilikaa nyumbani miaka miwili nikichuma chai, na mpaka leo kwenye kitabu cha shule ile mchomaji ni Lugano Mwaipaja. Sijawahi kumdai. Mwulize."

"Hajawahi," alisema Kyando.

"Sasa ninamdai."

* * *

Mama Anyambilile mwenyewe ndiye aliyepiga. Mwaipaja aliweka simu mezani, sauti ikajaa chumbani, ikikatika kila mashine ilipovuta.

"Ambakisye? Yule mla viazi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huyu mwanangu kanieleza habari ndefu, sikuielewa. Mashine itazima?"

"Itazima, Mama. Saa sita na dakika hamsini na moja. Itawaka tena kabla ya saa kumi na mbili."

"Tusekile kaenda kuzika. Wote wamekwenda. Hata mbwa nadhani kaenda."

"Mfuko wa mpira uko karibu yako?"

"Uko mapajani. Lakini vidole hivi unavijua. Hata ugali sifinyangi."

"Ita mtu dirishani. Anaweza kupita mtu."

"Nimwite kwa pumzi ipi, mwanangu?" Mashine ilivuta, ikaachia. "Lugano anasema kuna mahali unaweza kuniandika, nisizimwe."

Kyando alishika ukingo wa meza. "Papo, Mama."

"Basi niandike. Siogopi sana. Naogopa kidogo."

Mwaipaja aliichukua simu, akatoka nayo ukumbini. Mlango ulipofungwa, Tulinagwe alikaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Tufungue simu kwa wote," alisema. "Redio itangaze: mwenye mgonjwa wa mashine apige hapa. Kila jina ni dakika moja: kuliandika, kulisoma, kuliitikia. Tukiacha dakika kumi na nne za kusaini, tunapata majina ishirini na tano."

"Ishirini na tano gani?"

"Yoyote."

"Si yoyote. Ni ya watu wanaojua namba ya simu ya ofisi hii, wenye mtoto mwenye cheo, wenye redio iliyowashwa saa sita mchana. Huko si kuokoa, Sanga. Huko ni kuchagua."

"Watakuwa hai, Mzee. Ukiwauliza kama waliokolewa au walichaguliwa, watakuambia wako hai."

"Na mstari mmoja ukikosewa, kituo kinalitupa faili zima. Wodi zote zinazimika pamoja na hao ishirini na tano. Mkono huu umeshakosea leo."

"Ndiyo. Nitasoma mimi. Na safari hii nikiona kosa, nitasema."

Alilisema bila ukali, na kwa hiyo lilimchoma zaidi. Kyando alielewa kwamba ile sababu ya kosa amenyang'anywa. Imebaki ile nyingine, iliyo yake peke yake.

"Unajua waziri yule alianzaje?" aliuliza. "Yule aliyefuta wilaya. Hakuanza kwa kufuta. Mtunza wa wakati huo alinisimulia mwenyewe, akiwa gerezani. Waliongeza jina moja kwenye orodha ya dawa, la shemeji yake waziri, mgonjwa kweli, mtu mwema. Halikumdhuru yeyote. Kesho yake likaja la pili. Mwaka wa tatu, kiti hiki kilikuwa kimekwisha kujifunza kwamba majina yanachaguliwa. Mkono uliofuta wilaya ulikuwa uleule ulioongeza."

"Huyo alikuwa mwizi. Wewe si mwizi."

"Naye hakuwa, siku ya kwanza."

"Mzee." Tulinagwe alimtazama usoni, jambo ambalo hakulizoea. "Niruhusu niulize mara moja. Hii ni haki, au ni majivuno?"

Alilifikiria swali hilo kwa uaminifu, kama alivyofundishwa kulifikiria kila swali, na hakuona mahali ambapo kimoja kilikoma na kingine kikaanza. Saa ya ukutani ilisoma sita na dakika nane.

"Sijui," alisema. "Andaa redio."

* * *

Redio ya Shirikisho haikuhitaji majina. Ilirusha sauti hewani kama zamani. Kyando alisoma tangazo lake akiwa amesimama.

"Mimi ni Ambakisye Kyando, Mtunza wa Kanda Kuu. Leo alfajiri niliandika namba kwa makosa. Kwa ajili ya kosa langu, na si la mtu mwingine, kuanzia saa sita na dakika hamsini na moja majina yote yatazimika hadi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wodi, pampu za maji na zimamoto vitabaki. Mashine za kupumulia za majumbani zitajifunga. Kila anayesikia, kama ana jirani anayepumulia mashine, aache alichoshika, aende sasa, abane mfuko kwa mkono, mara moja kila anapohesabu hadi nne. Asisubiri kuombwa."

Alilirudia mara tano. Kila mara, alipofika kwenye neno jirani, Mwaipaja, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimwangalia akingoja ataje Rungwe. Hakutaja Rungwe.

Saa sita na dakika ishirini na sita, dakika ya mwisho ya kuongeza jina lolote, Mwaipaja alikuja mbele ya meza. Daftari lilikuwa wazi, kalamu juu yake.

"Niambie hapana kwa mdomo wako," alisema. "Usiache saa iniambie."

"Hapana."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu wewe umenifikia, na wao hawakuweza. Ukiwa nje ya mlango huu kama wao, ungetaka mtu aliye humu ndani asimame hivi."

"Nikiwa nje ya mlango huu nisingejua, Kyando. Ningebana mfuko wa mama yangu." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikikataa kuzungusha ufunguo?"

"Utakuwa umefanya nisichoweza kukuzuia."

Walitazamana. Tulinagwe alisema baadaye, alipohojiwa, kwamba hapo ndipo alipoamini kwa mara ya kwanza kwamba hospitali zote za Shirikisho zitazimika, kwa kuwa wazee wawili waliwahi kulala chumba kimoja cha bweni.

Saa ilipita sita na dakika ishirini na saba, kisha thelathini. Mwaipaja alitoa ufunguo shingoni, akaenda kwenye kabati.

"Nitauzungusha," alisema. "Akifa, asife na wodi nzima za watoto wa watu. Lakini usidhani nimekubaliana na wewe."

Saa sita na dakika arobaini walizungusha pamoja. Tulinagwe alisoma namba kutoka ubaoni kwa hesabu yake mwenyewe, akaithibitisha tarakimu kwa tarakimu, na Kyando, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, ndiye aliyeitikia. 33597252. Dakika kumi na moja baadaye vituo saba vilijibu kimoja baada ya kingine: *Limepokelewa.* Simu ya Mwaipaja ilikuwa sikioni. Alikuwa akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bana Mama, moja, mbili, tatu, bana, na mama yake alikuwa akijitahidi, walimsikia akijitahidi. Kisha simu ikawa kipande cha kioo.

Mwaipaja aliendelea kuhesabu.

Faili zima liliondoka papo hapo, namba 2118080902, likaanza kujaa vituoni polepole kama pipa linavyojazwa kwa kopo. Asilimia moja ilichukua dakika tatu. Hakuna aliyekula. Hakuna aliyeweza kutoka, kwa kuwa milango haikumjua mtu, na kijito cha baridi kilipita sakafuni. Kufika asilimia ishirini Mwaipaja aliacha kuhesabu. Kufika asilimia arobaini alikaa chini ukutani, koti limemfunika magoti. Kyando alibaki amesimama. Tulinagwe alimletea kiti, akakikataa. Alimletea mara ya pili, akamwambia, "Kaa, Mzee, hakuna anayekuangalia," naye akakaa.

Mara moja tu, kwenye asilimia sabini, Kyando alifungua mdomo, na Mwaipaja akainua kidole bila kugeuza uso.

Saa kumi na moja na dakika hamsini na moja vituo vyote saba vilikubali. Zilibaki dakika tisa. Taa za milango zikageuka kijani, na mahali fulani chini ya mlima, watu wakaanza tena kuwa na majina.

Simu ya Mwaipaja iliita kabla hajaibonyeza. Alikuwa Tusekile. Mwaipaja alisikiliza. Alisema "ndiyo" mara mbili, akasema "msimwoshe mpaka nije," akaishusha.

"Jirani mmoja alisikia redio dukani Masoko," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. "Alikimbia njia nzima. Alifika saa tisa. Mama alikuwa ameushika mfuko bado, kwa mikono yote miwili."

Tulinagwe aliinamisha kichwa. Kyando alisimama, akavuta shati likae sawa, kama afanyavyo mtu anayeitwa mbele.

"Pole, Mwaipaja. Alikuwa mama yangu pia."

"Hapana," alisema Mwaipaja. "Asubuhi alikuwa. Saa sita na dakika ishirini na sita aliacha kuwa."

"Nimestahili hilo. Kesho najiuzulu, na nitashtakiwa, na sitajitetea. Lakini kabla ya hapo nitaiandikia shule. Nitawaambia nani aliyeacha gesi wazi. Nitalisema redioni, kwa sauti hiihii, jina lako lisafishwe kila mahali liliposomwa. Nilipaswa kulifanya hilo miaka arobaini iliyopita."

Mwaipaja alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu.

"Usiandike."

"Ni haki yako."

"Ni haki yangu, na ninaikataa. Deni lilikuwa jina moja, na mahali pa kulilipia palikuwa hapa, kwenye meza hii, ukiwa na kalamu. Sasa unataka kulipa ili upate usingizi. Sipokei. Usije msibani, usiiandikie shule, usinitaje mahali popote." Alikwenda mlangoni, akageuka. "Maabara niliichoma mimi, Kyando. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo itakavyobaki."